Ombi la Kerdipar Kushindwa Vita Kama Wenzake

Kerdipar, siku ya tatu baada ya sikukuu ya Wahindu ya Holi, 1904

Kwa Mheshimiwa Bwana Wakala wa Serikali ya Kiingereza, Kathiawar

Mheshimiwa Bwana,

Mimi Khetdan, mtunza kitabu cha nasaba na mwimba sifa wa Thakor Vajesang, mtawala wa Kerdipar, vijiji viwili na nusu (nusu nyingine tunagombea na mto), nakuandikia kwa heshima zote zilizobaki. Tuna malalamiko.

1. Kitabu chako cha historia ya falme ndogo za huku kimetupa mistari minne, na miwili ni ya mbuzi. "Mwaka 1821 Kerdipar ilisalimu amri bila vita." Basi! Jirani zetu wa Mothagadh wamepewa kurasa kumi na moja kwa sababu tu walipigwa mara tatu. Kumbe kupigwa nako kuna daraja.

2. Kwa kuwa hatuna historia, umeamua kwamba mvua zikianza tumezwe na Mothagadh. Tangu barua yako ifike Thakor hali chakula, anaukodolea macho ukuta. Ana miaka sabini na minne na nampenda; sitaki afe akiwa mpangaji wa jirani. Kisimani wanawake wa Mothagadh wanawacheka wetu: "Nyie wenzetu hata kupigwa hamkupigwa! Mzungu kapiga hodi, mkasema karibu!" Mke wangu Rambai akawajibu, "Kwenu kaingia bila hodi, ndiyo sifa hiyo?" Jibu zuri, lakini kitabuni halimo.

3. Kwa hiyo tunaomba, kwa unyenyekevu, mje mtuteke. Jumatatu hapana, tunakuwa hekaluni. Askari tunao tisa. Mmoja anaozesha binti, mwondoeni. Ukuta muubomoe upande wa kushoto, maana wa kulia umeshikilia jiko la mjane. Tutapigana kufa na kupona mpaka saa sita mchana, kisha tutashindwa, na mtakula kwetu mikate ya uwele na mtindi.

4. Kama jeshi lina shughuli, tuma karani mmoja mwenye upanga. Tutamsaidia ashinde.

Nisalimie Mama, makarani wote, na yule farasi wako mwenye kikohozi.

Wako mtiifu, anayesubiri kipigo,
Khetdan

Nyongeza: Nikitafuta tarehe njema ya vita katika kitabu cha nasaba, nimeukuta mwaka 1821 kwa mwandiko wa babu yangu. Kapteni wenu alifika peke yake akitetemeka kwa homa, askari wake wamemkimbia. Babu yake Thakor akakoroga maji ya kasumba, akayakinga kwa viganja viwili, akamnyooshea anywe, kama tunavyomfanyia kila anayeomba hifadhi. Kapteni akanywa, akalala siku tisa, kisha akaenda kuandika kwamba mtawala alimnyooshea mikono kuomba huruma. Bwana, kwetu anayenywa kiganjani ndiye aliyejiweka chini ya mwenye kiganja, yeye na watu wake wote, mpaka mwenyeji amruhusu aondoke. Ruhusa hiyo nimeitafuta kurasa zote, haipo. Nimemsomea Thakor, amecheka mpaka akapaliwa, kisha akaagiza mikate mitatu. Vita tumevifuta, sisi hatupigi wageni. Kuhusu kutugawa kwa Mothagadh, anasema mgeni hagawi nyumba aliyokaribishwa. Ila usihangaike kufunga mizigo, Bwana; hajaamua bado kama atawaruhusu kuondoka.