Ukuta wa Kituo cha Saba

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha Kamati ya Mji wa Kale. Nimewahi. Kiti cha mbele, kalamu mbili. Matembezi ya watalii yatakuwa na vituo saba. Sita vimepatikana bila ubishi: lango, kisima na vingine vya kawaida. Cha saba bado. Nyumba zinazogombea ni mbili tu: yetu, na ya kinyozi wa ng'ambo ya uchochoro. Kamati itapita Jumamosi ya tarehe 15 kuamua. Nyumba itakayochaguliwa itatengenezewa kuta na paa na mafundi wa kamati. Hapo ndipo penye shida yetu. Ukuta wa chumba cha mama mkwe unamomonyoka, kila akiamka anakung'uta unga mweupe kwenye mto.

Nyumba ni yake mama mkwe. Ila msimamizi ni mimi, kwa kuwa nina kidato cha nne na mashine ya fotokopi.

Kinyozi alinong'ona nyuma yangu kwamba nyumba yetu haina historia, ina umri tu. Nimeiandika hapa nisiisahau.

Wakati wa chakula nikawaeleza mke wangu na mama yake hali ilivyo. Mama mkwe akasema ukuta unataka chokaa, basi. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba utalii ni jambo la kitaalamu, mama.

Jumanne, 4 Machi

Uchokozi umeanza! Kinyozi ametoa nje kiti cha babu yake, cha mbao na ngozi, amekiweka mlangoni pamoja na kioo chenye madoa. Anawaambia wapita njia kwamba babu yake alimnyoa gavana kwenye kiti hicho. Nikamuuliza gavana yupi. Akasema yule mwenye ndevu ndefu. Nikamuuliza sasa alimnyoa nini? Akanijibu, "Jirani, wewe piga kopi zako." Watu wanne wakacheka. Nawafahamu wote wanne.

Uamuzi: ukuta wetu wa mbele, ndio huo wa chumba cha mama mkwe, upigwe saruji. Mgeni hawezi kupanda ndege siku nzima akaja kuonyeshwa ukuta unaobanduka kama kichwa chenye mba. Aibu.

Alhamisi, 6 Machi

Saruji imepigwa! Fundi alifanya juu, mimi chini. Laini kama sahani.

Mama mkwe alikaa kizingitini tangu asubuhi akitutazama kama msimamizi wa mtihani. Alisema ukuta wa chokaa unapumua, ukiuziba kwa saruji maji yatakosa pa kutokea. Nikamweleza kwamba ukuta hauna mapafu. Akasema, "Haya, baba."

Sipendi anavyosema "Haya, baba."

Jioni alipita Mwenyekiti wa kamati. Ni mwalimu mstaafu, mimi mwenyewe alinifundisha jiografia. Aliipita nyumba yetu, akarudi, akaipita tena. Akasema alidhani kumefunguliwa benki. Nikamshukuru sana. Mke wangu ndiye aliyenieleza baadaye kwamba ile haikuwa sifa.

Ijumaa, 7 Machi

Ukuta lazima uzeeke kabla ya tarehe 15. Nimeanza na chai: sufuria mbili, nzito, kwa brashi ya viatu. Halafu masizi. Halafu nyufa. Hapa mtu asiye na utaratibu angechora ovyo ovyo. Mimi nilitafuta kielelezo. Nimetoa atlasi yangu ya shule, ule mto mkubwa wa ukurasa wa 42, nikauchonga kwa msumari pamoja na vijito vyake vyote, kutoka dirishani hadi mlangoni. Saa tatu nzima. Ukisimama mbali kidogo, miaka mia mbili kamili.

Mke wangu aliuliza majani ya chai yamekwenda wapi. Nikamwonyesha ukuta. Amesema basi nikitaka chai nikaulambe.

Jumapili, 9 Machi

Kibao kimekamilika. Mashine yangu mwenyewe, herufi kubwa, juu nimekifunika plastiki. Kinasema nyumba ina umri wa miaka mia tatu, na kwamba mfanyabiashara mashuhuri wa zama hizo alilala hapa siku tatu. Sikumtaja jina, kwa sababu bado sijampatia.

Mke wangu akamsomea mama yake kwa sauti. Mama mkwe akasema, tena uchochoroni, tena kinyozi akisikia, kwamba nyumba hii ilijengwa na baba yake mzazi, yeye akiwa binti wa kubeba chokaa kichwani. Na kwamba mgeni pekee aliyewahi kulala hapa alikuwa punda wa kubebea mawe. Kinyozi ilibidi aweke wembe chini. Mteja wake, kichwa nusu, alitoka nje kabisa asikie vizuri.

Tatizo limebainika: mama mkwe anajua mambo mengi mno. Jumamosi asiwepo.

Jumatano, 12 Machi

Mvua tangu jana. Ukuta umeota kitambi. Nimeupapasa, unabonyea. Nimejiambia ni kawaida.

Si kawaida. Ndani, juu ya kitanda cha mama mkwe, limetokea doa la maji ukubwa wa meza. Tumehamishia kitanda chake sebuleni. Yeye hakulalamika, alibeba mto wake tu, akauliza taa inazimiwa wapi. Mke wangu ndiye aliyesema. Mama yake ameishi chumba kile miaka sitini, unga wa ukuta ulimwangukia lakini maji hayakumgusa, na mimi nimemtoa kwa wiki moja! Nilitaka kumwambia ni siku sita. Nikaacha.

Kinyozi alileta ndoo ya kukingia maji. Hakucheka. Iliniuma kuliko kama angecheka.

Ijumaa, 14 Machi

Kila kitu tayari. Mama mkwe nimempangia safari: kesho asubuhi aende kwa shemeji yangu, upande wa pili wa mji, aepukane na unyevu. Nilitegemea ubishi. Akasema, "Haya, baba," akaanza kutafuta mtandio wake mzuri. Mambo mepesi namna hii ni dalili ya mpango mzuri.

Jumamosi, 15 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Saa nne kamili. Kamati, watu watano, pamoja na mtaalamu wa majengo ya kale, mama mmoja mwenye nyundo ndogo. Kwa kinyozi hawakukaa. Kwetu walikaa. Mwenyekiti alitazama nyufa zangu muda mrefu. Akaweka kidole pale zinapotawanyika kama nyayo za kuku, akauliza, "Hii si delta ya ukurasa wa arobaini na mbili?" Nikasema ukuta hupasuka unavyopenda, mwalimu. Akasema mwaka ule nilivyoichora kwenye mtihani sikuipatia vizuri hivi.

Mtaalamu akagonga kwa nyundo. Ukuta ukaitika kama debe. Upesi nikajiweka mbele ya kile kitambi, nikatandaza mikono, nikaegemea kwa kujiamini na kuanza habari za mfanyabiashara.

Ukashuka. Si wote! Kipande cha ukubwa wa mlango, na delta yake. Nikabaki nimesimama, vumbi hadi kwenye nyusi, nikisema "siku tatu."

Nyuma yake chokaa ya zamani. Imelowa, lakini nzima. Mtaalamu akaigusa kama anayempima mtoto homa. Akasema mji mzima huu unamomonyoka, na yeye miaka yote anatafuta mtu mmoja tu anayejua kuchanganya chokaa ya namna hii. Akaniuliza ni nani aliyeichanganya. Nikafungua mdomo.

"Mimi hapa."

Sauti ilitoka nyuma yetu. Mama mkwe! Hajaenda popote! Amekaa ng'ambo, kwenye kiti cha gavana, mtandio mzuri begani, kinyozi amemshikia mwavuli wa jua. Ameona yote tangu mwanzo. Akavuka taratibu, akaeleza alivyofundishwa na baba yake: jinsi mawe yanavyochomwa, jinsi chokaa inavyoloweshwa mpaka iache kuchemka, wiki ngapi iachwe itulie, na jinsi vidole vinavyojua kwamba sasa imeiva. Mtaalamu aliandika hadi karatasi zikamwishia. Nilimpa zangu.

Mwisho Mwenyekiti akamuuliza kwa nini hakumwambia mkwewe haya yote. Mama mkwe akasema, "Nilimwambia. Huyu mwanangu moyo anao. Masikio ndiyo hana."

Kamati nzima ikacheka. Kinyozi akacheka hadi mwavuli ukatikisika.

Uamuzi: kituo cha saba ni sisi! Yaani yeye. Kila Jumamosi ataonyesha kazi ya chokaa, na mafundi wa kamati watajifunza kwake. Chumba chake kitaanza kutengenezwa. Atakalia kiti cha kinyozi, kwa hiyo kinyozi naye anatangaza kwamba ni kituo cha saba. Mimi nibandue saruji yote kwa patasi, pole pole, nisikwaruze chokaa. Mtaalamu ameomba kipande kimoja kiachwe kando ya dirisha, kiwe fundisho kwa wengine.

Fundisho! Kwa wengine! Sikutegemea heshima kiasi hicho.

Jumamosi, 5 Aprili

Watalii wa kwanza! Mama mkwe kitini, mwiko mkononi, anatoa amri. Amerudi chumbani kwake tangu Jumatano. Ukuta mkavu, mweupe, mto hauna unga. Mke wangu ameanza tena kunimiminia chai. Kazi yangu ni kukoroga pipa na kunyamaza. Nilikoroga kwa mkono mmoja, wa pili nikahesabia.

Picha alizopigwa mama mkwe: kumi na moja. Kiti cha kinyozi: tatu, moja kwa bahati mbaya. Kipande changu cha saruji, chenye kibao cha mtaalamu kisemacho USIFANYE HIVI: kumi na tisa! Bwana mmoja alicheka hadi akaketi chini, mkewe akampepea. Sijawahi kuona mtu akiguswa na historia namna ile.

Hesabu iko wazi. Watu wanatoka mbali kuja kuona saruji. Na kipande chenyewe ni kidogo, hawaenei mbele yake. Nyuma ya nyumba kuna ukuta mzima wa chokaa, umekaa tu. Nimeshaleta mifuko minne. Fundi anakuja Jumatatu. Atlasi nimeifungua ukurasa wa 57: milima.

Mama mkwe ameiona mifuko. Akaitazama, akanitazama mimi, akarudi kuitazama.

"Haya, baba."

Amekubali.