Uzinduzi wa Utumbo Mpya, Kimisagara

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa wilaya, waheshimiwa viongozi wa sekta, mapadri, wachungaji, wadau wa maendeleo, mabalozi ambao hamkufika, na ninyi wananchi wa Kimisagara mliokaa juani kwa nidhamu, mimi Gakwaya, Mratibu Mkuu wa Mageuzi ya Utumbo, nawasalimu. (Makofi.)

Leo, kwa mujibu wa mpango mkakati shirikishi na fremuwaki jumuishi ya inovesheni, tunazindua Kituo cha Kupandikiza Vijidudu vya Tumboni, yaani, kwa lugha ya nyumbani, kuchukua kinyesi cha mtu mwenye afya, kukipima, kukichuja na kukitia katika utumbo wa mgonjwa. (Kicheko. Mchungaji anatazama viatu vyake.)

Mfano hai ni Béatha, muuza vitenge wa Muhima. Dawa kali alizopewa kwa kidonda cha mguu ziliua vijidudu vyema tumboni mwake, vibaya vikatawala, akaharisha mpaka akafunga duka na kuwaaga watoto. Ndipo kaka yake, Ismaël, akajitolea kinyesi chake. Vijidudu vipya viliingia kazini bila semina wala posho: vikaigeuza nyongo ikawa adui wa vile vibaya, vikachachusha maharage na kutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Kitakwimu, asilimia mia ya wagonjwa wetu, yaani Béatha, wamepona. (Vigelegele.)

Mimi pia nilijitolea changu kwa ajili ya taifa. Daktari Kellen alikipima, akaniambia, "Mheshimiwa, hiki usimpe hata adui." Nikamwagiza akihifadhi kwa awamu ya pili. (Kicheko kirefu.)

Béatha, simama uwaambie ulivyotibiwa.

(Béatha anasimama. "Daktari alisema hapa vyombo haiko. Ismaël akauza pikipiki yake, tukaenda ng'ambo. Sasa nakula, nalala, duka iko wazi. Namshukuru Mungu na kaka yangu." Anaketi.)

Ushuhuda mzito. Basi itikieni: Utumbo imara! ("Taifa imara!") Kinyesi chako! ("Hazina yako!")

Murakoze cyane, asanteni sana. Kwa namna ya pekee namshukuru Ismaël, kwani bila tumbo lake na pikipiki yake, kituo hiki, ambacho mpaka sasa hakina ukuta, mlango wala choo, kisingekuwa na mgonjwa hata mmoja wa kujivunia.