Nilivyomnyima Ng'ombe Undugu na Nyangumi

Leo nimeumbuka. Na si kule kuumbuka kwa kujikwaa sokoni, watu wakakusahau kabla hujajipangusa vumbi. Nimeumbuka mbele ya wazazi, wanafunzi na mkuu wa shule, kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa lugha mbili.

Nafundisha Baiolojia sekondari moja huku upande wa Dutwa, Bariadi. Mwaka wa kumi na moja huu. Leo ilikuwa siku ya wazazi, na tulimwalika dada mmoja kutoka chuo kikuu, mtafiti wa vinasaba vya wanyama. Wazazi wetu wengi ni wafugaji na wakulima wa pamba. Kiswahili wanakisikia, ila kikianza utaalamu wanakiacha kipite. Mkuu wa shule akanipa kazi ya kumtafsiria mgeni kwa Kisukuma.

Mgeni akashuka kwenye gari, miwani ya jua usoni, simu sikioni. Nikamwamkia, "Mwangaluka." Akanipungia mkono, akaendelea na simu, kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha mtangazaji wa redio. Nikajiambia huyu ni wa pwani, Kisukuma hajui hata salamu. (Hapo ndipo nilipolichimba shimo langu.)

Alianza vizuri. Alieleza kwamba ndani ya kila mnyama mna maandishi ya kurithi, mabilioni ya herufi, lakini za aina nne tu. Watafiti huyapanga maandishi ya wanyama mbalimbali mstari kwa mstari, wakaona wapi yanafanana na wapi yameachana, na hapo wakajua nani na nani wametoka tumbo moja la zamani. Akasema umbo hudanganya. Pimbi wa kwenye mawe unamwona kama panya mnene, kumbe ndugu zake ni tembo. Hilo nilikuwa nalijua, nikalitafsiri kwa mbwembwe zote. Wazazi wakaguna kwa mshangao. Nikajiona msomi.

Kisha akasema, "Na ng'ombe wenu hawa, undugu wao na nyangumi ni wa karibu kuliko undugu wao na nguruwe."

Nikakwama. Kwanza, nyangumi kwa Kisukuma ni nani? Mkoani kwetu Simiyu hatuna bahari. Pili, miaka kumi na moja nimefundisha kwato: ng'ombe ana kwato mbili, nguruwe ana kwato mbili, wakae pamoja. Nyangumi hana hata mguu. Nikaona mgeni ameteleza, na mimi ndiye nitakayeonekana mwehu nikiwaambia wafugaji kwamba ng'ombe wao ni ndugu wa kitu kinachoogelea.

Basi nikatafsiri hivi: mgeni anasema ng'ombe na mbuzi ni ndugu. Nikaongeza kwamba ametaja na mnyama mwingine wa ajabu, lakini wamsamehe, jua la huku hajalizoea.

Wanafunzi wakaangua kicheko. Nikadhani wanamcheka mgeni. (Wanafunzi wanajua lugha zote mbili. Hilo nalo nilikuwa nimelisahau.)

Mgeni akavua miwani. Akawasalimia wazazi kwa Kisukuma kizito cha Meatu, kile cha ndani kabisa, akawaambia ni binti wa Mwanhuzi, mkoani humu humu, amekua akichunga ng'ombe wa baba yake. Kisha akanigeukia, kwa upole ambao ndio ulioniua:

"Mwalimu, jua la huku nimezaliwa nalo. Naomba uwaambie wazazi nilichosema. Chote."

Nikasimama pale, jasho likinitiririka mgongoni, nikawatangazia kwa Kisukuma kwamba mgeni hakukosea, aliyekosea ni mkalimani. Nyangumi nikamwita mnyama mkubwa wa baharini anayenyonyesha. Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wanamtazama yule dada.

Mzee Masanja, mzazi mwenye ng'ombe wengi kuliko wote kijijini, akanyanyuka akauliza kama huyo mnyama hucheua. Mgeni akajibu hacheui, ila tumbo lake limegawanyika vyumba vyumba. Mzee ambaye amechinja ng'ombe maisha yake yote akasema, "Basi huyo ni mtu wa nyumbani," akaketi.

Baadaye mgeni akaniita kwenye kompyuta yake. Mistari minne: ng'ombe, kiboko, nyangumi, nguruwe. Akaniwekea kidole mahali ambapo kipande kidogo cha maandishi kilijipenyeza zamani mno. Kwa ng'ombe kipo. Kwa kiboko kipo. Kwa nyangumi kipo, herufi karibu zile zile, mahali pale pale. Kwa nguruwe, hakuna. Akaniambia vipande kama hivyo wameviona vingi, na kwamba kiboko ndiye jirani wa nyangumi kabisa.

Aibu ilinitoka bila kuaga. Nilitazama dirishani, ng'ombe wa jirani wanakula mabua ya mahindi nyuma ya vyoo vya shule, na mwili ukanisisimka. Nimewapita kila asubuhi miaka yote hii, sijui kwamba mwilini wamebeba barua ambayo nyangumi naye anayo nakala yake. Nikamwomba anionyeshe tena. Akanionyesha mara tatu.

Wakati wa kuagana nikamshukuru kwa Kisukuma, "wabeja", nikamwomba radhi. Akasema nisijali, hata yeye mara ya kwanza alibisha.

Kwa hiyo naombeni, ndugu zangu, mcheke polepole. Kesho saa mbili asubuhi nina kipindi na kidato cha nne, na mada ni kwato.