Kamera ya Gari la Dada

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Siku mbovu. Kwangu hakuna mteja hata wa kuuliza njia. Ng'ambo ya barabara, kwa Bwana Rula, magari yamepanga foleni tangu asubuhi. Huyu mtu nilijifunza naye ufundi wa vioo karakana moja, tukila sahani moja. Leo amejitundikia bango linalosema anabadilisha vioo vya mbele na kuzilenga upya kamera. Kamera! Nimeanza kazi hii enzi ambazo kitu pekee kilichobandikwa kwenye kioo cha gari kilikuwa stika ya bima. Kioo ni kioo. Kikikaa, kimekaa.

Jina la Rula nimempa mimi, kwa kuwa hapimi kitu kwa macho. Mchana nilimwona amelala kifudifudi sakafuni, pima maji mkononi, anahakikisha sakafu haijainama. Mtu mzima! Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai.

Jioni dada akapiga simu. Jiwe limeruka kutoka kwenye tairi la lori na kupasua kioo cha gari lake upande hadi upande. Shemeji anataka lipelekwe kwa Rula. Dada amegoma. Amesema haendi kwa mtu baki wakati mdogo wake yupo. Mama alipofariki ni yeye aliyenilea, na hadi leo ndiye mtu pekee ukoo mzima anayeamini nina akili. Nimemwambia alilete kesho. Shemeji na anune.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Kioo kimekaa! Hakuna tundu, hakuna gundi iliyomwagika. Nimesimama barabarani nikikiangalia, makusudi, ili Rula anione. Hakutazama. Wivu.

Kasoro moja ndogo. Gari hili lina kamera nyuma ya kioo cha kuangalizia nyuma, na sasa taa ya njano imewaka kwenye dashibodi na haitaki kuzimika. Nimeunganisha mashine ya kusomea gari. Mashine inadai kamera imepoteza shabaha: niweke mbele ya gari bango maalumu lenye miraba myeusi na myeupe, kwa umbali uliopimwa, juu ya sakafu iliyonyooka. Bango sina. Sakafu yangu imeinama kuelekea kwenye mtaro, maana hapa zamani palikuwa pa kuoshea magari.

Dada akauliza kama ni kazi kubwa. Nikasema ya kupepesa macho. Akanikumbusha, kwa upole wake ule, kwa nini walinunua gari hili. Yeye ni muuguzi wa zamu ya usiku. Mwaka jana alisinzia akirudi nyumbani asubuhi, akaamkia mtaroni. Shemeji hakupata usingizi tena mpaka alipopata gari linaloangalia barabara lenyewe. Ukilikaribia gari la mbele, linapiga kelele. Usipokanyaga breki, linafunga breki lenyewe. Dada akasema kama kamera inanishinda niseme tu, atalivusha kwa Rula, hapo hapo ng'ambo, wala hatanicheka.

Inishinde! Afadhali nitafune kile kioo cha zamani. Nimemwambia aniachie gari, awe anapata lifti kwa wenzake.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mpango! Bango la Rula limesimama wazi karakanani kwake. Kinachoonekana kinapigika picha.

Nimevuka barabara kwa kisingizio cha kuazima bomba la gundi. Rula akaniuliza hali ya presha yangu. Nikamjibu presha yangu haimhusu. Alipoinama kutafuta bomba nikatoa simu, nikapiga picha moja, ya upande. Safi.

Binti wa duka la kuchapa mabango akaniuliza ukubwa gani. Nikamwambia mkubwa kuliko wote alionao. Kamera ione vizuri. Akasema picha imekaa upande, ataivuta pembe mpaka inyooke. Nikamwambia avute tu. Akasema pia kuna kiwiko cha mtu pembeni. Cha Rula! Kimeingia kwenye picha na saa yake ya mkononi na kovu lake. Binti akataka nimsubiri akifute. Nikamwambia kamera ya gari haina shida na viwiko.

Bango limetoka. Ni kubwa kuliko mlango wangu. Kiwiko peke yake kina ukubwa wa mbuzi.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Kazi imeanza kwa mkosi. Gari limeteleza lenyewe kwenye mteremko na kuligonga bango. Nimeweka jiwe kwenye tairi. Tepu ya kupimia sikuiona, kumbe mke wangu aliichukua akapimie mapazia. Yeye ni fundi cherehani, huchukua chochote chenye namba. Basi nikapima kwa hatua. Hatua zangu nazijua.

Mashine ikakataa. Nikasogeza bango nyuma. Ikakataa. Nikalisogeza mbele, nikaliinamisha, nikaliegemeza kwenye ngazi, nikalitundika kwa kamba ya nguo. Ikakataa kwa mlio wa dharau. Nikaitukana. Nikapandisha tairi za nyuma juu ya mbao. Ikafikiri kwa muda mrefu, kisha ikakubali! Taa ya njano imezimika! Niliibusu dashibodi.

Nilipomweleza mke wangu, hakuacha hata kushona. Akauliza nimejuaje kuwa kamera imelenga sawasawa. Nikamwambia taa imezimika. Akasema hata balbu ikiungua taa huzimika. Huyu mwanamke sijui alilishwa nini utotoni.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Nimempelekea dada gari. Akanikumbatia mbele ya shemeji. Tukatoka wote watatu kulijaribu.

Mwanzo kila kitu shwari. Halafu, barabara nyeupe, hakuna hata kuku, gari likafunga breki lenyewe. Shemeji akagonga paji la uso kwenye kiti. Nikawaeleza kwamba limekuwa na uangalifu zaidi ya zamani. Mbele kidogo, chini ya daraja la waenda kwa miguu, likafunga tena. Aliyekuwa nyuma yetu akatutukana mpaka akaishiwa. Shemeji akasema sasa hivi tunaenda kwa Rula, hata ikibidi alisukume yeye mwenyewe. Dada akaniangalia.

Nikawaomba dakika moja. Nikaingia kwenye mipangilio ya gari, nikapunguza ukali wa tahadhari mpaka chini kabisa. Tukarudi njia ile ile. Chini ya daraja: kimya. Barabara nzima: kimya. Dada akacheka, akasema alijua tu mdogo wake hashindwi. Shemeji akajipangusa paji la uso. Nimemkomesha.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Nimefungua leo makusudi kwa sababu Rula hafungui Jumapili. Nimetundika tangazo: TUNALENGA KAMERA, HARAKA KULIKO JIRANI.

Jirani akatokea! Alikuwa anapita na mkewe wanatoka kutembea. Akasoma tangazo. Akaingia bila kukaribishwa, akasimama mbele ya bango langu. Kisha akasema kile ni kiwiko chake. Nikamwambia viwiko vinafanana duniani. Akakunja shati, akakiweka kiwiko chake kando ya kile kingine. Kovu kwa kovu. Mkewe akatoka nje. Nadhani alikuwa anacheka.

Lakini Rula hakucheka, wala hakugomba, na hilo ndilo lililoniudhi. Akauliza ni gari gani nimelilenga kwa bango hili. Nikajikuta nimesema la dada. Akakaa kwenye ndoo. Akasema miraba imevutika na sakafu imeinama, kwa hiyo kamera ile inatazama mahali sipo. Itaona kitu ambacho hakipo, na kilichopo itachelewa kukiona au isikione kabisa. Akanisihi. Ndiyo, alinisihi, aliniita ndugu yangu. Akasema nilete gari jioni hii hii, atafungua karakana, atalilenga bure, na mtu hatajua. Dada yangu alimtibu mtoto wake, akasema, hawezi kulala na jambo hili.

Bure! Mtu mwenye foleni ya wateja haji kukupa kitu bure. Anataka kesho mtaa mzima usikie kwamba fundi wa ng'ambo alirekebishiwa kazi. Nimemwambia amsalimie mkewe.

Baadaye dada akapiga simu. Shemeji bado anamsumbua. Akauliza kama ningeona vibaya Rula akiangalia tu, ili shemeji atulie. Hapo akili ikanijia kama umeme. Nikamwambia Rula amekwisha kuangalia, leo hii, alikuja mwenyewe, na amesema kazi ni safi. Akasema afadhali. Nikasikia akimwambia shemeji, na shemeji akinyamaza. Raha iliyoje.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Dada amepata ajali.

Shemeji alinipigia asubuhi. Sikumwelewa kwa kulia. Dada alitoka zamu, akasinzia barabarani. Mbele palikuwa na lori bovu limeegeshwa. Gari halikupiga kelele. Halikufunga breki. Liliingia chini ya lori lile taratibu, kwa mwendo wake ule ule, na kioo changu kikamfikia usoni.

Yu hai. Mkono wa kulia umesagika. Daktari amesema vidole viwili wamevitoa na vilivyobaki havitashika sindano tena. Jicho moja wamelifunga, hawajui.

Nilikaa kwenye ngazi za hospitali nikalia kama mtoto. Mikono ile ndiyo iliyonifunga vifungo vya shati la shule. Nililia mpaka mfagiaji akanizunguka na fagio lake. Mke wangu alikaa kando yangu bila kunishika.

Jioni nimewaza vizuri zaidi. Lori halikuwa na viakisi mwanga. Hilo ni kosa la jinai. Dereva wake alikwenda kutafuta chai! Na watengenezaji wa gari nao: wanawezaje kumuuzia mtu kamera inayokubali bango lisilo lake? Mimi niliiuliza mashine, mashine ikasema tayari.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Nimemuona dada. Shemeji alisimama mlangoni mwa wodi akaniambia nisithubutu. Dada akasikia sauti yangu, akaita niingie.

Amefungwa bandeji kichwani hadi puani, limeachwa jicho moja tu. Mkono uko juu ya mto, mfupi, umeviringishwa. Akaniambia nikae, nisiogope, ameona wagonjwa wabaya zaidi yake. Akaniuliza kama nimekula. Yeye ananiuliza mimi!

Kisha akasema ana swali moja tu, na nimjibu kweli. Je, Rula aliikagua ile kamera kweli, na alisema iko sawa?

Shemeji alikuwa nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake shingoni. Moyo ulinipiga mpaka nikadhani mashine ya kitandani itaanza kulia kwa ajili yangu. Nilifungua mdomo nimweleze. Nasema ukweli hapa, nilifungua. Nikasema ndiyo, aliikagua, alisema safi kabisa.

Dada akashusha pumzi. Akasema basi ni yeye. Alichoka, akapuuza mwili wake, hakuna wa kumlaumu. Akasema uuguzi ameupoteza kwa uzembe wake mwenyewe. Chozi likamtoka kwenye jicho lile lililo wazi, akashindwa kulifuta kwa mkono wa kushoto uliofungwa dripu. Nikamfutia. Kisha akamwambia shemeji aniombe radhi kwa maneno aliyonitolea. Shemeji akaniomba radhi. Sijawahi kusikia sauti nzito namna ile. Nikamwambia yameisha.

Nilitoka pale nimekuwa mwepesi ajabu. Kazi iliyobaki ni ndogo. Rula anataka kuja kumsalimia, nimemwambia dada haruhusiwi kuona wageni. Nimewaambia wauguzi kwamba kuna mwanamume mwenye kovu kwenye kiwiko anayemsumbua, wasimpitishe.

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Siku njema! Nani kasema mlango ukifungwa hakuna dirisha?

Dereva wa gari la wagonjwa la hospitali alikuwa wodini kumwona dada, wamefanya kazi pamoja miaka. Akalalamika kwamba kioo chake cha mbele kina ufa, na wakubwa wamemwambia atafute fundi anayejua na mambo ya kamera. Alikuwa aende kwa Rula. Dada akainua kichwa kutoka kwenye mto, akamwambia asihangaike na watu baki. Mdogo wangu huyu hapa, akamwambia, kazi yake naiamini.

Nilijaa mpaka machozi yakanilenga. Nimempa dereva mkono. Gari linakuja kesho asubuhi na linatakiwa barabarani mchana.

Bango nimelikunjua, halijapata mkunjo hata mmoja. Safari hii nitaweka mbao mbili kila tairi.