Mgeni wa Heshima wa Tena

Huyo Nabiswa, wacha niseme ukweli, angeweza kukuuzia mlango wa nyumba yako na wewe umekaa ndani.

Mwaka wa tisini na tatu mvua ilimpata mjini, akaingia makumbusho kujikinga. Kumbe mle ndani ni picha na vinyago ambavyo matajiri walikuwa navyo manyumbani, wakavitoa bure, kila kitu na jina la mwenyewe ukutani. Watu wanapeana mali wapewe jina! Jamaa alifurahi, karibu akumbatie askari wa mlango.

Jumapili iliyofuata, huyo akafika mtaa wa Tena, koti, tai, kalamu tatu mfukoni. Alishamwambia Mbeti, mwenyekiti wa kina mama, eti yeye ni ofisa wa makumbusho, na vitu vya zamani vya mtaa vinatakikana mjini. Lakini alikuwa anameza mate kwa kitu kimoja tu: kigoda cha Mzee Kiema, kilichochongwa na babake. Mnunuzi alikuwa anangoja nje na pikapu. Bila kigoda, hakuna biashara.

Holi ya mtaa ilijaa. Mezani kulikuwa na vibuyu, pasi ya makaa, chetezo cha jirani mmoja, Hibo, na kigoda chenyewe.

"Asanteni sana. Sasa nibebe," Nabiswa akasema.

"Ubebe?" Mbeti akacheka. "Bwana Ofisa, si huu ni mchango? Mchango bila mnada uliona wapi? Na mgeni wa heshima ndiye anafungua!"

Makofi pa pa pa! Nabiswa alifikiria kutoa ni kutoa tu. Kwa watu wa mtaa wa Tena, kutoa ni harambee: kitu kinapigwa mnada, malipo yanaingia mchango.

"Kigoda cha Mzee Kiema!" Mbeti akanadi. "Nani ako na nini?"

"Jogoo!" Hibo akaita.

Nabiswa akaona kigoda kinaenda. "Saa yangu!"

"Jogoo na sufuria!"

"Saa na tai!"

"Ongeza, Mheshimiwa, usituaibishe!"

Akavua koti. Vigelegele! Vitu vyake vikaingia kapu la kina mama, yeye akashika kigoda, akageukia mlango.

"Mgeni akishinda, anamrudishia mwenyewe," Mbeti akasema. "Ama huko kwenu mnafanyaje?"

Holi nzima ikamwangalia. Angesema nini, kwamba yeye ni mwizi? Akamrudishia Kiema.

Mzee akalia. "Mungu akubariki, kijana wangu. Na mimi nakitoa tena, kipigwe mnada!"

"Jogoo!" Hibo akaita.

"Viatu!" Nabiswa akalia naye.

Alishinda mara tatu, akarudisha mara tatu. Alipotoka alikuwa amebaki na vesti, suruali na soksi. Mwenye pikapu alikuwa amechoka kungoja, akaenda zake.

Mbeti akamfuata mbio, na wamama wote nyuma yake. "Mheshimiwa! Jumapili ijayo tunachangia mabati ya shule ya nasari. Mgeni wa heshima ni wewe!"

Nabiswa akafungua mdomo akatae. Lakini tangu azaliwe mpaka siku hiyo hakuna mtu alikuwa amewahi kumpigia makofi, na wamama walikuwa bado wanapiga.

"Saa ngapi?" akauliza.