Jogoo Niliyemchagua Mimi Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekabidhiwa kuku wa marehemu Mama. Ilikuwa lazima. Dada mkubwa anakwenda kukaa na binti yake aliyejifungua mapacha, na katika ukoo huu hakuna mwingine wa kuaminika. Nilisema hivyo kwenye kikao. Nilisema mwenye kichwa cha kuku hapa ni mimi. Mke wangu akasema yeye hapingi.

Si kuku wa hivi hivi. Ni mbegu ya zamani: wekundu wa matofali, miguu mirefu, kishungi kichwani. Majirani wote wamechanganya za kwao na kuku wa mashine, sasa wana vitu vyeupe visivyojua hata kuparua. Zetu zimebaki safi. Tatizo ni kwamba jogoo mzee alikufa mwezi uliopita. Wamebaki mitetea wanne na majogoo wawili wachanga, ndugu wa tumbo moja. Mmoja wao ndiye atakuwa baba wa vifaranga wote wajao. Tukikosea hapo, mbegu imekwisha. Dada alisema kwa sauti ndogo kwamba hicho ndicho kitu pekee cha Mama ambacho bado kinatembea.

Kisha akatoa maelekezo mpaka chai ikapoa. Eti kuku hawa hukua kwa zamu: mifupa kwanza, nyama baadaye, manyoya ya heshima mwisho. Eti nisichague jogoo kabla hawajapevuka. Eti nisiwanenepeshe. Eti nitazame miguu, mgongo na mwendo, nisidanganywe na kifua. Na eti nisimpende yeyote.

Niliitikia kila kitu. Nilikuwa nimeshachagua tangu nilipowapita bandani nikitoka chooni.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewapa majina. Mkubwa ni Mheshimiwa. Kifua mbele, shingo nene, akitembea unadhani anakwenda kufungua mkutano. Mdogo wake ni Karani. Huyo ni miguu mitupu iliyofungwa manyoya machache. Anasimama pembeni na kutazama mambo kama mtu anayesubiri kuitwa dirishani.

Shemeji alipita jioni. Huyu ni mume wa mdogo wetu wa mwisho, fundi cherehani, nyumba ya tatu kutoka hapa. Alikuja na futi yake ya kitambaa shingoni, kama kawaida, maana bila hiyo hakuna anayejua kwamba ana kazi. Akaingia bandani bila kukaribishwa. Akampima Karani miguu. Akampima mgongo. Akapima tena, kana kwamba anamshonea suruali. Halafu akatangaza kwamba jogoo ni huyu.

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Nikamwambia mimi nimelea mbuni. Nikamwambia nilipokuwa machimboni nilimwinua punda kwa mkono mmoja ili nijue umri wake, na nikapatia. Kuku hanipi shida. Shemeji akauliza huyo punda alikuwa na uzito gani. Nikamwambia mtu mwenye adabu haulizi hivyo.

Kisha nikamkamata Karani, nikamtia mikononi mwake. Nikamwambia amchukue, amshonee suti, au amle, ingawa supu yake itakuwa ya kunawia.

Akamchukua. Hakusema asante hata kidogo. Mke wangu akauliza Dada atasema nini. Nikamwambia Dada atasema kwamba nimeokoa chakula.

Jumapili, 6 Aprili

Mheshimiwa anakula mara nne. Mahindi, mkate, karanga za kukaanga, na mafuta kidogo ili sauti ilainike. Nimemhamishia sebuleni. Analala kwenye kreti la soda lenye mto, ule mto mzuri wa kochi. Mke wangu ananitazama. Namwacha atazame.

Mpwa wangu alipiga simu. Eti, Mjomba, mama anauliza kama majogoo wanapewa nafasi ya kukimbia. Nikamwambia Mheshimiwa hana haja ya kukimbia. Anakimbia nani? Akauliza na yule wa pili? Nikamwambia wa pili yuko masomoni.

Nimesikia kwamba shemeji hajamla Karani. Anamwachia uwanjani ajitafutie wadudu kati ya matambara. Hali ya uchumi ya mafundi inasikitisha.

Jumanne, 13 Mei

Leo ni siku kubwa. Nimemrudisha Mheshimiwa kwa mitetea ili aanze kazi yake. Nilimwosha. Nikampaka mafuta ya nazi kwenye kishungi. Nilimbeba mwenyewe, maana ngazi ya mlango imemshinda. Ni ngazi moja. Lakini imejengwa vibaya.

Mitetea walimtazama kama watu wa foleni wanavyomtazama aliyeingilia katikati. Mheshimiwa akajivuta. Akashusha bawa, akamzunguka mtetea mkubwa, akapanda. Yaani alikusudia kupanda. Alifika nusu, akateleza, akakaa chini. Akabaki amekaa hapo akihema, akijifanya ndiko alikokuwa anakwenda.

Mke wangu alikuwa anaanika nguo. Akasema jogoo huyu anahitaji stuli.

Nimemletea tofali. Limekuwa dogo.

Ijumaa, 6 Juni

Mayai yalitagwa, hilo lazima lisemwe. Nikamwekea mtetea mmoja kumi, akaatamia kwa moyo wote. Leo nimeyapima. Unaingia kabatini, unafunga mlango, unawasha tochi nyuma ya yai. Yai lenye kifaranga huonyesha mishipa myekundu kama ramani. Haya ya kwangu yalikuwa meupe, angavu, matupu. Unaweza kusomea gazeti.

Yote kumi.

Nilikaa kabatini kati ya makoti nikifikiri. Sababu ziko wazi. Kwanza, radi ya wiki iliyopita. Pili, mtetea mwenyewe ana roho mbaya. Tatu, mke wangu anapika kwa kelele. Nilipotoka nilimweleza hilo la tatu. Akaniuliza kama hilo la nne, kwamba Mheshimiwa amenenepa hata akijikuna anaanguka, nimelisahau kabatini.

Mpwa wangu amepiga tena. Dada anarudi mwezi ujao. Ameulizia vifaranga. Nimesema wako njiani.

Jumatano, 11 Juni

Nimepita kwa shemeji. Kwa bahati tu. Nilisimama mlangoni pake nikitazama kama mtu anayetafuta kivuli.

Karani alikuwa juu ya mashine mbovu ya cherehani, ya chuma, iliyotupwa uani. Sikumjua. Manyoya yale yamekuja yote mwishoni, mekundu, mazito, mkia umepinda kama mundu. Mgongo umenyooka. Aliruka chini kutoka pale juu akatua bila hata kutikisika, akatembea mbele yangu kama fundi wa umeme aliyeitwa na watu wasiojua kitu.

Nilimwambia shemeji nipo tayari kumsaidia. Nitamwondolea Karani na kumpa Mheshimiwa, ambaye ana nyama mara tatu. Shemeji alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja. Akasema Karani atarudi leo leo, bure, bila kubadilishana. Sharti ni moja tu. Nisimame mbele ya ukoo niseme kwamba nilikosea kuchagua.

Nikamwambia mtu aliyemwinua punda haombi radhi kwa futi ya kitambaa. Nikaondoka.

Nimerudi nyumbani nikiwa na mpango. Ni mpango mzuri mno kiasi kwamba nilicheka peke yangu njiani na mwanamke mmoja akavuka barabara.

Jumamosi, 14 Juni

Mpango ni huu. Jogoo haji kwa mitetea, basi mitetea waende kwa jogoo. Nilichukua suruali yangu ya kijivu nikaitia mkasi gotini. Nikamtia mtetea mkubwa kwenye begi la safari, nikaacha zipu wazi apumue. Nikaenda kwa shemeji kama mteja wa kawaida.

Nikamwambia nimechanika nikiruka ukuta. Akaitazama suruali. Akaiinua juu kwenye mwanga. Akasema akae nayo kidogo. Nikasema nitasubiri uani, napenda hewa. Nikafungua begi.

Karani hakupoteza muda. Kazi yote ilikwisha kabla shemeji hajamaliza kutia uzi kwenye sindano.

Jumanne, 17 Juni

Leo suruali ya bluu na mtetea wa pili. Nimesema nilikamatwa na waya.

Begi lilipiga kelele tukiwa bado mlangoni. Nikakohoa kwa nguvu. Shemeji akaniambia nipeleke kifua hicho hospitali.

Ijumaa, 20 Juni

Suruali ya kaki, mtetea wa tatu. Mbwa, nimesema. Shemeji akauliza mbwa gani anauma kwa mstari ulionyooka hivi. Nikamwambia mbwa wa askari.

Zimebaki suruali za harusi yangu, ambazo hazifungi, na mtetea wa nne, ambaye anauma. Nimeamua watatu wanatosha. Mke wangu ameuliza kwa nini ninashinda nimevaa taulo. Nimesema joto.

Jumatano, 16 Julai

Vifaranga tisa. Tisa! Wana mistari mgongoni, miguu mirefu kama ya kuazima, na uvimbe mdogo kichwani pale kishungi kitakapoota. Mbegu ya Mama imerudi, na imerudishwa na nani?

Nimemleta Mheshimiwa aone wanawe. Alimkalia mmoja kidogo, bila nia mbaya. Tulimtoa kwa wakati.

Nimepiga simu kwa Dada. Nikamwambia mbegu imeshika, na Mheshimiwa ni baba bora. Simu ikakwaruza. Nilidhani mtandao umekatika. Kumbe alikuwa anafuta pua.

Jumapili, 20 Julai

Dada amefika. Amechuchumaa bandani kabla hata ya kuweka mkoba chini, amewachukua vifaranga mmoja mmoja kwenye kiganja. Akasema ni wenyewe. Akasema Mama angemjua kila mmoja.

Walikuwepo wote: mke wangu, mdogo wetu, na shemeji na futi yake. Nikaona ni wakati wa hotuba. Nikaeleza jinsi nilivyomtambua Mheshimiwa kwa jicho tu, siku ya kwanza, wakati wengine wanahangaika kupimapima. Nilikuwa nimefika mahali pa punda Dada aliponikatiza. Akasema vizuri, mdogo wangu, hebu mlete atembee.

Mheshimiwa akatembea. Hatua chache, mapumziko. Mtetea akapita mbele yake akiparua. Akashusha bawa. Nilimwomba moyoni asithubutu. Akathubutu. Akafika nusu, akateleza, akakaa kwenye sahani ya maji.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa heri wacheke. Dada aliniuliza taratibu, baba wa vifaranga hawa ni nani.

Nikasema wakati mwingine anakuwa na nguvu asubuhi.

Shemeji akajikohoza. Akasema yeye hataki kumwumbua mtu, lakini Karani, niliyemwambia amle supu, yuko hai uani kwake, na yeye ameshona suruali tatu ndani ya wiki moja, zote zimekatwa kwa mkasi, tena mkasi butu. Akasema mara ya kwanza alifikiri shemeji yake amepata ugonjwa wa akili. Mara ya pili akasikia begi linataga. Mara ya tatu yeye mwenyewe alimkamata Karani na kumweka tayari, maana alishaona kwamba huyu bwana ataishiwa nguo kabla hajaishiwa kiburi, na kuku wa mama mkwe wake hawana kosa.

Hapo ndipo walipocheka. Mke wangu alikaa chini kabisa, juu ya debe. Dada alicheka huku machozi yanatoka, na kifaranga bado kiganjani. Kisha akanitazama. Akasema kama shemeji angekula supu ile, leo yeye Dada angekuwa anamzika Mama mara ya pili. Akauliza kama nalijua hilo.

Nilijua. Nilitazama viatu.

Halafu nikasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba Karani sikumtupa. Nilimpeleka kwa shemeji makusudi, kwa mafunzo. Jogoo wa ndani lazima aonje maisha ya nje.

Dada akasema sawa. Karani anarudi bandani leo. Mheshimiwa anapunguzwa chakula. Na mimi sitachagua kuku tena maisha yangu yote. Kazi yangu itakuwa kuzoa mavi.

Jumatatu, 21 Julai

Nimezoa mavi. Nimezoa vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kuzoa, lakini nani atasema.

Nikiwa mle ndani nimemwona. Sikumtafuta, yeye ndiye aliyejitokeza. Kifaranga wa tisa. Kifua mbele. Anawasukuma wenzake kwenye chakula, anakanyaga hata mama yake. Miguu ni mifupi kidogo, lakini miguu ni mambo ya mafundi cherehani. Dada amesema wasichaguliwe mpaka wapevuke. Amesema hivyo kwa sababu hana jicho. Mimi ninalo, na halijawahi kukosea hata siku moja.

Nimemwita Waziri.

Nilitaka kumbebea mkate mfukoni. Nimevaa suruali ya kijivu, ile iliyoshonwa goti. Mkono haukuingia. Shemeji ameshona mifuko yote, uzi maradufu. Nikajaribu ya bluu. Vilevile. Ya kaki pia. Mtu yule ana roho ya uchawi na wivu wa kitoto.

Mkate nimeuweka kwenye soksi. Waziri amekula wote.