Gemu Mlangoni kwa Bi Ruqaiya

Jumamosi, 1 Novemba

Mdomo huponza kichwa. Changu kimeponzwa leo alasiri, sebuleni kwa wakwe, kaimati mkononi.

Harusi yangu na mchumba wangu, Hindu, ni Ijumaa. Nimeitwa kwao, mtaa wa Shela hapa Malindi, kwa mazungumzo ya mwisho. Nikamkuta Aboud, kakake Hindu, anacheza gemu ya mpira kwenye televisheni. Aboud hanipendi. Anasema nina maneno mengi. Mimi! Akaniuliza kama naijua gemu ile. Ukoo mzima unanitazama. Nikasema mimi ndiye bingwa wa Malindi nzima. Hata Kilifi nasifika. Vijana wa Mnarani wakisikia jina la Muzammil huzima mashine.

Sijawahi kuishika gemu hiyo maishani mwangu.

Bi Ruqaiya, nyanya yake Hindu, alikuwa pembeni anachambua mchele. Kwa utani huniita mume wangu, na Hindu ni mke mwenziwe. Akainua kichwa. Akasema vyema. Siku ya harusi, bwana harusi akija kumpa mkono mkewe, kina nyanya huziba mlango wa chumba mpaka watolewe pesa. Yeye safari hii hataki pesa. Anataka mechi moja. Nikimshinda, mlango wazi. Nikishindwa, nirudi kwetu nikalale, nije Ijumaa nyingine.

Nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Kumbe ana baridi yabisi ya vidole, daktari akamwambia avizoeze. Aboud akamnunulia rimoti ya gemu. Huu mwaka wa pili anavizoeza.

Jumapili, 2 Novemba

Kwa Chengo. Ni kinyozi, rafiki yangu tangu tukiwa shule, na kibandani kwake ana gemu hiyo hiyo ya kuwaliwaza wateja. Nimemweleza yaliyonifika. Alicheka hadi mteja akapoteza nusu ya sharubu.

Sasa nimeijua gemu. Uzuri wake: nyasi unaziona moja moja. Wachezaji wanatoka jasho, jezi zinachafuka, mashabiki wanaimba mpaka nywele zinasimama. Nilifunga bao nikaruka, nikamkumbatia mteja. Chengo akanijulisha nimejifunga mwenyewe. Ubaya wake: mtangazaji ana maneno matano tu na hachoki kuyarudia. Refa haoni lolote ndani ya boksi. Nikibonyeza pasi, mpira unakwenda kwa mtu nisiyemkusudia kabisa. Na mchezaji akiguswa anabingirika weee, kisha anainuka mzima. Hilo sijui ni uzuri au ubaya.

Chengo amenishauri nijifunze kukaba. Eti nikitulia na kukaba, nyanya hanifungi. Kukaba! Mimi ni bwana harusi, si askari wa gati.

Amenifunga sita. Huku ananyoa.

Jumanne, 4 Novemba

Alhamdulillahi! Nimeipata kasoro kubwa. Golikipa wa gemu hii ana maradhi. Mechi ikianza tu, huchomoza mbele kutazama mambo. Ukipiga mkwaju wa juu kutoka katikati ya uwanja, bao. Nimerudia asubuhi nzima. Bao, bao, bao. Chengo anasema huo si mpira, ni kosa la mashine. Nimemwambia mpira ni wa wenye nafasi. Mimi naoa Ijumaa.

Hata hivyo, mwenye akili hufunga makomeo mawili. Nimemnunulia Aboud halwa, nikampelekea kwenye sahani ya Mama, ile ya maua. Nimemwomba siku hiyo ampe nyanyake rimoti mbovu. Akala yote. Akalamba vidole. Akasema ataona.

Jumatano, 5 Novemba

Sahani imerudi. Sahani ya watu hairudi tupu, na hii haikurudi tupu. Imejaa achari ya ndimu, ile ya kutoa machozi. Na salamu za Bi Ruqaiya: halwa ilipungua iliki, na ile rimoti mbovu ameniwekea mimi.

Aboud! Nyoka we! Mama ameuliza kwa nini nyanya wa watu anitumie achari wiki ya harusi. Nimesema ni mapenzi.

Hindu akapiga simu. Nikadhani atanionea huruma. Amesema yeye hakunituma nijisifu. Kisha akauliza, taratibu, kama nataka kumwoa yeye au nataka kumshinda nyanyake. Nikajibu nataka yote mawili. Akakata simu.

Nimekaa na achari yangu. Roho inaniuma. Namtaka Hindu, wallahi, namtaka mno. Ndiye mtu pekee duniani anayenicheka na mimi nikafurahi.

Ijumaa, 7 Novemba

Naandika joho likiwa bado mwilini.

Nikahi ilipita salama baada ya sala ya Ijumaa. Hindu ni mke wangu. Lakini baina yetu kuna mlango, na mbele ya mlango yuko Bi Ruqaiya, kitini, miwani puani, rimoti pajani. Wanawake tele. Vigelegele. Joto la tanuri.

Nimechagua timu kubwa kuliko zote. Yeye akachukua timu moja ya daraja la pili, kwa sababu jezi zake zinafanana na leso yake. Nikacheka moyoni. Nikaomba nianze mimi. Akasema anza, mume wangu.

Nikapiga mkwaju kutoka katikati.

Golikipa akaudaka. Hakutoka hata hatua! Aboud akanieleza, kwa adabu nyingi, kwamba wenye gemu wametoa toleo jipya wiki hii na lile kosa la golikipa wamelirekebisha. Yeye amelipakua asubuhi.

Baada ya hapo mpira sikuuona tena. Bi Ruqaiya hana haraka. Anapigiana pasi na mabeki wake, huku na huku, polepole, kama anachambua mchele. Mimi natoka mbio na timu nzima, naacha nyuma kutupu, naye anapenya. Bao. Rimoti yangu ina kitufe kinachonata. Mikono ya joho inabonyeza mambo yake. La pili nikajifunga.

Nikaona waya umepita chini ya kiti changu. Nikanyoosha mguu, nikauvuta taratibu. Kitu kikazimika. Feni! Televisheni ilikuwa kwenye soketi nyingine. Mabuibui yote yakanigeukia. Shangazi mmoja akauliza kwa sauti kama mahari hurudishwa.

La tatu lilipoingia nikaweka rimoti chini. Bi Ruqaiya akasema, bila ubaya wowote, kwamba Ijumaa si mbali. Na neno lake nyumba ile halipingwi. Nikainuka. Machozi yakanilenga, na wala sikuwa nimekula achari.

Ndipo mlango ukafunguka, upana wa mkono. Jicho moja lenye wanja. Mkono wenye hina na bangili, kiganja wazi. Hindu akamwomba nyanyake radhi, akasema bwana harusi ameshindwa, ni kweli, ila masharti hayakumtaja bibi harusi. Bi Ruqaiya akafikiri. Akaamuru mke mwenziwe apewe rimoti. Ile nzima.

Akacheza akiwa nyuma ya mlango, jicho lile moja. Hakukimbia. Alitulia. Alikaba. Walivutana hadi mashangazi wakapiga miayo. Mwisho kabisa, bao moja, la Hindu. Nyumba ikalipuka! Bi Ruqaiya akacheka mpaka miwani ikaanguka. Akasema Aboud alinunua rimoti tu, lakini aliyemfundisha yeye, nyanya, kubonyeza ni msichana huyo huyo.

Nikaingia. Nikampa mkono mke wangu. Akaniambia hataki zawadi, anataka jambo moja: tangu leo nisijisifu kwa nisichokijua. Nikaapa.

Jumapili, 9 Novemba

Ndoa tamu jamani. Leo biriani kwa wakwe. Kila mtu anasimulia mechi. Nikawafafanulia kwamba nyanya nilimchosha makusudi, ili Hindu amalizie. Hindu akanifinya.

Kisha baba mkwe akatoa ubao wake wa bao, ule wa kete, akauliza nani anacheza. Nikaufunga mdomo. Wallahi niliufunga. Ukafunguka wenyewe. Nimesema kwa wajomba zangu Lamu naitwa Sultani wa Bao.

Bi Ruqaiya aliweka tonge chini. Alifuta miwani.

Jioni ikaja kwetu sahani kutoka kwake, imefunikwa kawa. Nikaifunua kwa pupa, nikidhani ni visheti. Kete! Kete za bao, sahani tele. Na salamu: mimi na yeye, Ijumaa, baada ya Alasiri. Nikishindwa, Hindu anarudi kulala kwao wiki nzima. Nikamtazama Hindu. Anakunja nguo zake, moja moja, anazitia begini.

Nimempigia Chengo. Amesema nianze kwa kujifunza kuhesabu. Kuhesabu! Kila mchezo una kasoro yake, nami hii nitaipata. Kesho namnunulia Aboud halwa. Safari hii yenye iliki ya kutosha.